Wazazi hawataki kuchangia, na mimi ofisini nacheka

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Mwanangu wa kwanza aliingia kidato cha kwanza Januari mwaka huu, shule ya bweni ya wavulana, mkoa wa jirani. Tulimnunulia godoro, tranka na ndoo mbili, babu yake akampa saa yake ya mkononi. Aliporudi likizo ya Pasaka hakuwa na godoro, ndoo wala saa. Tranka lilikuwepo lakini kufuli limevunjwa. Nilidhani ni uzembe, nikamgombeza mbele ya wadogo zake. Kwa hilo namwomba Mungu anisamehe.

Siku ya tatu nilimkuta uani usiku anafua shati gizani. Nikamuuliza kwa nini usiku, akajibu, "Nimeshazoea." Akaanza kusema kidogo kidogo. Njuka, yaani wageni wa kidato cha kwanza, wote wa bweni lao huamshwa saa kumi alfajiri kwenda bombani kuwachotea maji wa kidato cha tatu. Huwafulia na nguo. Mwanangu ana kigugumizi, kwa hiyo baada ya prepo, yale masomo ya usiku, husimamishwa juu ya kitanda cha juu asome "taarifa ya habari". Kila akikwama anapigwa kwenzi, bweni zima linacheka. Nikamuuliza, "Na rafiki zako?" Akasema, "Nao wanacheka, mama. Usipocheka unapandishwa wewe."

Alinisihi nisiseme shuleni, ataitwa mnoko. Nilipomrudisha nikasema. Mwalimu wa nidhamu alinisikiliza vizuri, akawachapa vijana watatu mbele ya paredi. Usiku uleule mwanangu alifunikwa shuka akapigwa na watu asiowaona.

Ndipo nikaamua kuanzisha kampeni. Kundi letu la WhatsApp lina wazazi 187. Niliomba kila mmoja atoe shilingi 10,000 tupate fulana zenye ujumbe, bango la getini na mgeni rasmi wa kuzungumza na vijana. Waliotuma ni sita. Mzazi mmoja aliandika, "Hata sisi tulipitia, na tumekuwa watu," na wengi wakamuunga mkono. Mwingine akasema namlea mtoto kama yai. Mwenyekiti akanipigia kando, akaniomba nisichafue jina la shule.

Kuna na jingine ambalo sikupanga kuliandika. Nafanya kazi idara ya uhasibu katika kampuni binafsi. Tuna binti amekuja kwa mafunzo ya vitendo. Mkuu wetu wa idara amempa jina, anamwita "Mzigo". Kwenye kikao cha Jumatatu humsimamisha asome mahesabu kwa sauti, akikosea anaigiza sauti yake. Tunacheka sote. Na mimi nacheka. Juzi nilimpelekea mwenzangu karatasi ya michango ya kampeni yangu, akaniangalia akasema, "Kumbe uonevu wa shuleni ndio unaokuuma?" Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Nifanyeje ili watu waniunge mkono?

Mama Njuka, Morogoro

—

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na mtoto, kampeni itangoja. Kufunikwa shuka na kupigwa ni shambulio, hata kama aliyelifanya amevaa sare ya shule. Nenda ukamchukue akaangaliwe na daktari. Pitia kituo cha polisi upewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na uulize dawati la jinsia na watoto, ndilo lenye askari waliofundishwa kuongea na mtoto. Kisha mwandikie mkuu wa shule barua ya karatasi: tarehe, bweni, saa, kilichofanyika, vitu vilivyopotea. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ndani yake omba mambo mawili anayoweza kuyatekeleza leo: mtoto abadilishiwe bweni, na mwalimu wa zamu aingie mabwenini baada ya prepo na saa kumi alfajiri. Jibu likichelewa, nenda kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri na afisa ustawi wa jamii. Simu namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundishe namba hiyo aikariri kichwani.

Akikuambia hataki kurudi pale, msikilize na umtafutie uhamisho. Asibaki katika bweni lile ili kampeni iwe na mtu wa kuonyeshwa.

Na kule kumgombeza. Umemwomba Mungu msamaha, sasa muombe na yeye, mbele ya wadogo zake walewale.

Sasa wazazi wenzako. Nimesoma ulichowaomba mara mbili, nikajiweka mahali pa baba anayefungua simu jioni katoka kazini. Kwenye kundi lilelile ameshaombwa hela ya mitihani ya kujipima, ya mlinzi, ya mahafali. Anaona 10,000 kabla hajaona mtoto. Halafu anasoma neno "uonevu", na moyoni anasikia anaambiwa mwanawe ni mhuni, au shule aliyoitafuta kwa jasho ni mbaya. Humo kwenye 187 kuna wazazi ambao watoto wao wanachotea watu maji na hawajui, na kuna wazazi ambao watoto wao ndio wanaochotewa, nao hawajui. Wote wanajilinda kwa sentensi moja: hata sisi tulipitia.

Sentensi hiyo naijua. Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa matroni wa bweni kwa miaka kumi na moja, na nimeisikia kutoka kwa wazazi, walimu, hata kwa mchungaji. Nilikuwa nabishana nayo, sikuwahi kushinda. Mpaka mwaka mmoja, kwenye mkutano wa wazazi, mvua inapiga bati la bwalo hatusikilizani, nikagawa vikaratasi. Nikawaomba kila mmoja aandike, bila jina, jambo moja alilofanyiwa au alilofanya shuleni ambalo hajawahi kumwambia mtu. Nikapitisha kopo la biskuti, wakatumbukiza. Mvua ilipopungua nikasoma.

Kimoja kilisema: "Nilikojoa kitandani kidato cha kwanza. Waliniita Bomba mpaka namaliza. Mke wangu hajui." Kingine: "Nilikuwa nauza mkate wangu nisipigwe." Kingine kiliandikwa kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyezoea kuandika: "Mimi ndiye niliyekuwa napiga. Mmoja wao aliacha shule. Namtafuta mpaka leo." Nikasita kabla ya kufungua kilichofuata, maana ukumbi ulikuwa umenyamaza na mzee mmoja mstari wa mbele alikuwa amevua miwani. Siku ile hakuna aliyeuliza kama tatizo lipo. Hakuna aliyesema habari za yai. Nilikuwa nimekwenda kuomba ruhusa ya kuzungumza na wanafunzi. Nilitoka na fundi umeme, baba mmoja dereva aliyejitolea gari, na mama mmoja muuguzi aliyekuwa tayari kuja kila mwezi.

Kwa hiyo mkutano ujao wa wazazi usisimame na takwimu. Beba vikaratasi na kopo. Kama mwenyekiti anaogopa, mwombe asome yeye. Kazi ya kusoma ndiyo itakayombadilisha. Mzazi yule aliyesema "tumekuwa watu" mpe kikaratasi kama wengine, usimtafutie aibu. Ndiye mtu unayemhitaji zaidi, kwa sababu ana kumbukumbu.

Umetaja fulana, na hapo nikasimama kidogo, maana kuna fulana zilizowahi kufanya kazi kweli. Mwaka 2007, katika shule moja ya sekondari ya vijijini Nova Scotia, Kanada, mvulana wa darasa la tisa alikwenda siku ya kwanza ya muhula amevaa shati la pinki. Wakubwa wakamtukana na kumtishia. Wanafunzi wawili wa darasa la mwisho, David Shepherd na Travis Price, waliposikia walikwenda dukani wakanunua fulana 50 za pinki, wakawagawia wenzao wakavaa shuleni. Leo nchini humo kila Februari kuna siku ya shati la pinki. Ila angalia mpangilio wa mambo. Alikuwepo kijana mmoja anayeonewa, wakatokea wawili waliokataa kutazama, wakawavuta wenzao, kisha ndipo ikaja nguo. Wewe umeanza na nguo. Wazazi wako wamehisi hivyo hata kama hawakuweza kulisema.

Neno la mwanao ndilo lililobeba jambo lote: "Usipocheka unapandishwa wewe." Watafiti wa mambo haya wamezunguka miaka mingi mpaka kufika alipofika mtoto wako kwa sentensi moja. Huko Toronto waliwahi kurekodi kwa video michezo ya watoto kwenye viwanja vya shule, wakatoa matokeo mwaka 2001. Mara nyingi uonevu ulipotokea watoto wengine walikuwepo wakiangalia, lakini waliingilia katika matukio 19 tu kwa kila 100. Na walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza mabweni yangu yote, usiku zote nilizotafuta mwonevu mmoja wa kumwadhibu huku watoto arobaini wakiwa wamelala macho wazi, na mimi sikuwahi kuwauliza wao chochote.

Ufini walijenga mpango mzima juu ya jambo hili. Unaitwa KiVa, ulianzia Chuo Kikuu cha Turku kwa Christina Salmivalli na wenzake, na masomo yake yanawalenga wale wanaocheka na wale wanaotazama pembeni. Anayeonea huitwa faraghani na mtu mzima, anaelezwa anachotakiwa kufanya, na baada ya siku kadhaa anaitwa tena aonyeshe kama amefanya. Linganisha na kuchapwa mbele ya paredi. Fimbo ile iliwatangazia wale vijana watatu nani kawasema, ikawapa na hasira ya kupeleka bwenini. Mwalimu wa nidhamu nadhani alikusudia mema, na barua yako imuambie hivyo. Lakini muombe wakati mwingine awaite mmojammoja na wazazi wao, godoro, ndoo na saa ya babu virudishwe kwa mkono wa aliyechukua, na baada ya wiki moja awaite tena. Wale wa kidato cha tatu walikuwa njuka juzi tu. Kuna aliyelia bombani palepale. Ulizia kimyakimya ni nani kati yao hajawahi kumtuma mtoto maji, kwa kuwa wapo kila bweni, na huyo ndiye apewe ulezi wa njuka wawili watatu. Kaka mkuu akikubali kuwa wa kwanza, wengine watafuata.

Shule nyingi siku hizi zimeanzisha Dawati la Ulinzi na Usalama wa Mtoto, lenye walimu ambao mwanafunzi anaweza kuwaendea. Uliza kama la kwenu lipo na kama njuka wanalijua. Kama lipo kwa jina tu, hapo una jambo la kumwomba mkuu wa shule ambalo halimchafulii jina. Linamjengea. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za kata nazo zina wajibu hapo, zikaribishwe.

Sasa hela, maana utaihitaji kidogo. Omba mwalimu wa dawati awape njuka karatasi tupu wachore ramani ya shule, bila majina, waweke alama mahali wanapoogopa na saa wanayoogopa. Huko Norwei, Dan Olweus, aliyepewa kazi ya kuanzisha mpango wa shule mwaka 1983 baada ya vijana watatu kujiua, alianza kwa kuwauliza wanafunzi wenyewe kwa maswali yasiyo na majina, na akasisitiza watu wazima wawepo pale mambo yanapotokea. Ramani za kwenu nadhani zitarundika alama bombani, nyuma ya jiko, njia ya vyooni na bwenini baada ya prepo. Ukizipata, piga picha moja, itume kwenye kundi, uandike hivi: "Watoto wetu wanaogopa hapa bombani saa kumi alfajiri, hapana taa. Balbu, waya na nguzo ni kiasi fulani. Nani anaanza?" Mzazi anayekataa fulana hakatai taa. Naye akishatoa taa, siku akienda shule atapita bombani kuitazama, na hapo tayari ni mwenzako. Kufuli za tranka, pengine mshahara wa patroni wa pili wa usiku, vitakuja baadaye. Mgeni rasmi mwache kwanza.

Wale sita waliokutumia, wawe wanawake au wanaume, wapigie simu mmojammoja leo. Usiwashukuru kwenye kundi kwa jumla. Watu sita wanaokutana Jumamosi chini ya mwembe wana nguvu kuliko 187 wanaosoma wakiwa wamelala.

Nimebakiza ofisi yako, na najua ndiyo iliyokufanya uandike.

Mwenzako alikuumiza lakini hakukosea. Kikao chenu cha Jumatatu na kile kitanda cha juu ni kitu kimoja. Binti anasimamishwa, anasomeshwa kwa sauti, anakwama, watu wanacheka. Na unacheka kwa sababu ileile ya rafiki wa mwanao: usipocheka unapandishwa wewe. Sikulaumu kwa kuogopa. Una watoto watatu na ada. Nakuambia tu kwamba watu wa ofisini kwako wanakuona, na ombi lako la kampeni linapita machoni pao kwanza.

Binti wa mafunzo hana mkataba wa kumlinda, ndiyo maana amechaguliwa. Dunia imeshaliona hilo. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Juni 2019, unakataza ukatili na unyanyasaji kazini na unawataja wazi walio katika mafunzo, pamoja na wanagenzi. Majirani zetu Uganda waliuridhia mwaka 2023. Hapa kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ubaguzi pale unapotokana na mambo kama jinsia, kabila, umri, ulemavu au ujauzito. Kwa hiyo sikiliza vizuri anachodhihakiwa huyo binti. Kama ni lafudhi ya kwao au uanamke wake, mambo ni mazito kuliko mkuu wako anavyodhani. Lakini sikushauri uanze na sheria.

Anza na Jumatatu. Atakapoigizwa, usicheke. Usikunje uso, usihutubie, acha tu uso wako utulie. Utashangaa jinsi kicheko kinavyopungua mtu mmoja akitoka. Kisha sema jambo la kazi, kwa adabu: "Mkuu, jedwali hilo nililiandaa mimi, naomba niendelee nalo mimi na binti, tutalileta saa sita." Umempa mkuu wako njia ya kutoka bila kuaibika, umempa binti kiti cha kukaa. Mwite kwa jina lake unaposema. Ukifika mchana nenda ule naye mahali wenzenu wanapoona.

Baada ya hapo zungumza na yule mwenzako aliyekuuliza swali. Aliuliza kwa kuwa na yeye hajalala. Mkiwa wawili, andikeni tarehe na maneno yanayosemwa kila Jumatatu, muulizeni binti kama anataka mlifikishe kwa rasilimali watu au kwa msimamizi wake wa chuo, na mfuate anavyotaka yeye. Chuo chake kina uwezo wa kumhamishia kwingine, na pengine hajui. Kama mkuu wako atakugeukia wewe, daftari hilo lenye tarehe utalihitaji, liweke nyumbani.

Ukifanya hivyo, mwambie mwanao jinsi ilivyokuwa. Mwambie na kwamba uliogopa, na mwezi uliopita ulicheka. Atataka kujua ulisema nini hasa na watu walifanya nini, kwa sababu yeye kesho anaweza kuwa ndiye anayetazama mwingine akipandishwa.

Niandikie mvua za vuli zikianza. Nataka kujua kama taa ya bombani inawaka, saa ya babu imerudi mkononi kwa nani, na wewe na yule binti mchana mnakula wapi.

Shangazi